Kupanda Polepole: Tuliyojifunza baina ya Bahari ya Mtwara na Mlima wa Newala

Ndugu Wanachama,

Leo twaziacha kando habari za bei na magunia, tuandike juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano na karafuu. Nalo ni kuzamia baharini kwa mitungi ya hewa, na hasa vipimo viwili ambavyo kila mzamiaji hana budi kuvishika: muda anaoruhusiwa kukaa chini, na kituo anachokifanya njiani anapopanda juu.

Msitushangae. Mashamba yetu yako vilimani, lakini watoto wetu wako pwani. Ni vijiji vichache kwetu visivyo na kijana aliyekwenda kutafuta riziki chini ya maji, ama kwa kuwaongoza watalii, ama kwa kuokota majongoo bahari. Baba apanda mkarafuu, mwana ashuka baharini. Na wote wawili adui yao ni haraka.

Tena tuna deni la kulipa. Tulimkosea kijana mmoja mbele ya watu, basi yafaa tumtake radhi mbele ya watu. Habari yenyewe ni hii.

SAFARI YETU

Mwezi wa Oktoba 2024 ujumbe wa watu tisa wa chama chetu ulikwenda Mkoa wa Mtwara kuwatazama wenzetu wakulima wa korosho wa Masasi na Newala. Tulitaka kuona kwa macho yetu namna wanavyopeleka mazao ghalani, wakapewa stakabadhi, kisha mnada ukafanywa mbele ya wakulima wenyewe. Utaratibu ambao walianza nao katika msimu wa 2007/2008. Hayo ya minada tutayaandika katika toleo jingine, inshallah.

Miongoni mwetu alikuwamo kijana mmoja aliyekuja badala ya baba yake, mwanachama wetu wa siku nyingi ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri. Kijana huyu kazi yake ni kuwaongoza wazamiaji huko kaskazini ya Unguja. Siku tuliyopumzika Mtwara, sisi tulikwenda kuutazama mji wa kale wa Mikindani. Yeye akafuatana na rafiki zake hadi Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Huko alizama mara mbili. Mara ya mwisho alitoka majini saa kumi alasiri.

Usiku, baada ya chakula, tuliwatangazia wenzetu kwamba gari litaondoka saa kumi na moja alfajiri, kwani wenyeji walikuwa wakitungoja Newala saa nne asubuhi. Kijana akainua mkono.

"Bwana Katibu, niwieni radhi. Mimi kesho sitaweza kupanda Newala pamoja nanyi. Nitaondoka hapa baada ya saa nne asubuhi, nije na gari la nyuma."

Tukamwuliza sababu. Akasema, "Nimezama leo mara mbili, na Newala ni mlimani."

Wazee wakacheka. Nasi, kwa kuwa tulikuwa na wasiwasi wa kuchelewa mbele ya wageni wetu, tukamjibu kwa ukali: "Kijana, chama hakikukulipia nauli uje kuogelea. Twasikia wazamiaji huogopa ndege. Sasa na basi nalo mwaliogopa?"

Hakujibu kwa hasira. Aliomba chupa ya soda.

HEWA NDANI YA MWILI

Aliiweka chupa mezani, akatuambia tuitazame. Soda ilikuwa imetulia, haina hata povu moja. Akaifungua kwa ghafla. Ikatoka povu ikamwagika juu ya kitambaa. Akaomba ya pili, akakilegeza kizibo kidogo kidogo, ikanong'ona tu, wala haikumwagika. "Hewa iliyomo ni ile ile," akasema. "Kilichotofautiana ni namna nilivyofungua."

Basi maelezo yake tunayaeleza hapa kama tulivyoyafahamu, na baadaye tuliyapima kwa kusoma.

Hewa tunayovuta, katika kila sehemu mia, sabini na nane ni gesi iitwayo naitrojeni. Mwili hauitumii, yaingia na kutoka kama mpita njia. Tukiwa juu ya nchi, hewa yatugandamiza kwa uzito mmoja uliozoeleka. Mtu akizama, kila mita 10 za maji huongeza uzito mwingine kama huo: mita 10 ni mara mbili, mita 20 ni mara tatu, mita 30 ni mara nne. Mtungi humpa mzamiaji hewa yenye mgandamizo sawa na maji yaliyomzunguka, na kwa hivyo naitrojeni huingia kwa wingi katika damu, na kutoka katika damu huingia katika misuli, mafuta, viungo na uti wa mgongo. Kadiri anavyoshuka zaidi na kadiri anavyokaa zaidi, ndivyo inavyozidi kuingia.

Huko chini haimdhuru kwa njia hii, kwa kuwa mgandamizo waishika kama kizibo kinavyoishika soda. Shida iko katika kurudi. Akipanda kwa utaratibu, naitrojeni hurudi katika damu, ikafika mapafuni na kutoka kwa pumzi. Akipanda kwa haraka, au akiwa ameichukua nyingi kupita kiasi, hugeuka mapovu ndani ya mwili. Mapovu hayo ndiyo yaletayo maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza.

Si jambo geni duniani. Mafundi waliochimba misingi ya daraja la Brooklyn huko New York, ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa nzito chini ya mto, walipatwa na maradhi haya. Na mkuu wa kazi, Washington Roebling, yalimlemaza mwaka 1872. Mfaransa Paul Bert alieleza mwaka 1878 kwamba sababu yake ni naitrojeni. Kisha Mskoti J. S. Haldane na wenzake wakafanya majaribio kwa mbuzi, na mwaka 1908 wakatoa majedwali ya kwanza ya kumpandisha mzamiaji kwa vituo.

Haldane alifahamu jambo ambalo mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa mara mbili. Sehemu za mwili hazijazi wala hazitoi gesi kwa mwendo mmoja. Damu ni nyepesi, mafuta na viungo ni vizito. Yeye katika hesabu zake aliugawa mwili katika mafungu matano: fungu la kwanza hufikia nusu ya kujaa kwa dakika 5, na la mwisho kwa dakika 75. Ni kama karafuu juu ya jamvi: siku ya pili ukiigusa waiona kavu, lakini ukiivunja, ndani mna maji. Mwenye papara huitia guniani, akaja kulia ghalani. Kadhalika mzamiaji aliyetoka majini: nje ni mzima, acheka na wenzake, na ndani bado hajakauka.

MUDA WA KUKAA CHINI

Kwa sababu hiyo kila kina kina muda wake. Ndani ya muda huo mzamiaji aweza kupanda moja kwa moja mpaka juu, kwa mwendo wa taratibu, bila ya kulazimika kusimama njiani. Akiupita, njia ya moja kwa moja imefungwa. Hana budi kungoja chini ya maji mpaka mwili utoe deni lake. Jedwali la chama cha mafunzo cha PADI, lililotolewa mwaka 1988, laonyesha hivi kwa mtu anayezama mara ya kwanza kwa siku:

Mita 12: dakika 147.
Mita 18: dakika 56.
Mita 20: dakika 45.
Mita 25: dakika 29.
Mita 30: dakika 20.
Mita 40: dakika 9.

Tazameni namna muda unavyokatika. Kutoka mita 18 kwenda mita 30 ni kushuka mita 12 tu, kimo cha mkarafuu mmoja mzuri, lakini muda wapungua kutoka dakika 56 hadi 20. Wazamiaji wa matembezi hawaruhusiwi kupita mita 40, na wanaoanza huambiwa wasipite mita 18.

Mambo matatu yafaa yashikwe. La kwanza, dakika hizi ni za mtu aliyeingia majini akiwa mtupu. Anayezama mara ya pili siku hiyo hiyo angali na naitrojeni ya mara ya kwanza, na muda wake ni mfupi zaidi. Siku hizi wazamiaji wengi huvaa mkononi kompyuta ndogo inayofanya hesabu hiyo. Lakini kompyuta yahesabu mwili wa mfano, haimjui huyu aliyeivaa.

La pili, kikomo si ukuta ambao upande huu ni salama kabisa na upande ule ni mauti. Wako waliougua ingawa hawakuupita. Uchovu, kiu, baridi, kazi nzito chini ya maji na umri mkubwa huongeza hatari. Mwenye busara hutoka kabla dakika hazijamalizika.

La tatu, hapana ruhusa kuzuia pumzi wakati wa kupanda. Hewa iliyomo mapafuni hutanuka kadiri mgandamizo unavyopungua, na mwenye kuizuia aweza kupasuka mapafu hata akiwa ametoka katika maji machache.

KITUO CHA USALAMA

Amma kituo cha usalama ni jambo jingine, wala lisichanganywe na vile vituo vya lazima vya mtu aliyepita kikomo. Mzamiaji aliyeshika muda wake vizuri hupanda polepole. Zamani ilisemwa asipite mita 18 kwa dakika, na siku hizi wengi hufundisha mita 9. Akifika mita 5 kutoka juu, husimama dakika 3, akitulia na kuvuta pumzi kama kawaida, ndipo amalizie.

Tulimwuliza kijana, kwa nini mita 5, na si 15? Akatujibu kwa hesabu. Mtu akitoka mita 30 kwenda mita 20, mgandamizo washuka kutoka nne kwenda tatu, amepunguza robo. Akitoka mita 10 kuja juu, washuka kutoka mbili kwenda moja. Amepunguza nusu nzima. Mita za mwisho, ambazo mtu huziona nyepesi kwa kuwa amekwisha kuliona jua, ndizo zenye mabadiliko makubwa. Kwenye mita 5 naitrojeni yapata nafasi ya kutoka, na bado maji yana uzito wa kutosha kuyazuia mapovu yasikue.

Kwa aliyezama mita 30 au zaidi, au aliyekaribia kikomo chake, kituo hiki huhesabiwa kuwa lazima. Kwa wengine ni akiba ya usalama, na wenye desturi nzuri hukifanya kila mara. Aliyekishindwa kwa dharura, kama hewa kumwishia, asirudi tena majini kukilipa. Atulie nchi kavu, na watu wamwangalie.

KWA NINI NEWALA

Sasa twarudi mezani, kwenye soda na kitambaa kilicholowa. Tulimwambia kijana, "Vyema, tumefahamu. Lakini wewe ulishika muda, ukafanya na kituo. Basi la Newala lina kosa gani?"

Akasema, "Bwana Katibu, mimi bado sijafika juu."

Neno hili lilitunyamazisha. Bahari si sakafu ya hewa, ni ngazi moja tu. Mwenye kutoka majini akapanda mlima aendelea kupanda ndani ya hewa, na hewa nayo yapungua uzito. Uwanda wa Makonde huanza karibu na pwani, ukainuka taratibu kuelekea magharibi mpaka Newala, ambako ukingo wake umepita mita 600 juu ya bahari. Mtu akifika mita 700, karibu sehemu nane katika mia za uzito wa hewa zimekwisha kuondoka. Kwa aliyelala nyumbani si kitu. Kwa mwenye naitrojeni ya ziada mwilini, ni kizibo kinacholegezwa kwa mara ya pili.

Wataalamu waliokutana mwaka 2002 chini ya shirika la usalama wa wazamiaji liitwalo Divers Alert Network waliweka kanuni ya kupanda ndege baada ya kuzama, wakaipima kwa urefu wa mita 600 hadi 2,400, ambao ndio pia mgandamizo wa ndani ya ndege za abiria. Aliyezama mara moja bila ya kupita kikomo angoje si chini ya saa 12. Aliyezama mara kadhaa, au siku kadhaa, angoje si chini ya saa 18. Aliyelazimika kufanya vituo vya lazima angoje zaidi sana ya saa 18. Kijana wetu alitoka majini saa kumi alasiri, naye alizama mara mbili. Hesabuni wenyewe: saa 18 zatimia saa nne asubuhi.

Wala si umbali unaotia hatari, bali ni kimo. Mji wa Masasi uko mbali zaidi na bahari kuliko Newala, lakini wenyewe uko bondeni, baina ya majabali yake makubwa, chini ya mita 600. Barabara itokayo Mtwara kwa Nanyamba, Tandahimba na Newala mpaka Masasi ni kilomita 210. Yapanda uwandani, kisha yateremka upande wa pili. Mwenye kutazama ramani tu haoni kitu.

Basi tulimwacha. Tulifika Newala tukakutana na wenyeji, na kijana akaingia saa tisa alasiri, mzima, na kikao hakikuharibika kwa kumkosa saa chache.

Jioni wenyeji walitupeleka ukingoni, mahali paitwapo Shimo la Mungu. Nchi yakatika ghafla chini ya miguu, na mbele mtu aona bonde la Ruvuma na ng'ambo ya Msumbiji. Tulielezwa kwamba uwandani hapo maji ni adha ya tangu zamani. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, akina mama waliteremka mabondeni kuyafuata, wakapanda tena na vyombo vichwani. Bibi mmoja mwenyeji alituonyesha njia ya wakati ule, na mahali walipotua mizigo katikati ya kilima. Alisema aliyepanda bila ya kupumzika mara nyingi alifika bila ya maji. Kijana wetu alikuwa amesimama karibu. Hakutuambia kitu, nasi hatukuwa na la kumwambia isipokuwa kumpa mkono.

DALILI NA MATIBABU

Tungeweza kukoma hapo, lakini iko habari nyingine inayotufanya tuandike. Twamjua kijana wa kisiwani kwetu, ambaye jina lake twalihifadhi, aliyezama kwa mitungi akitafuta majongoo bahari. Hakufundishwa na mtu. Aliazima mtungi, akazama mara tano kwa siku moja, na kila mara alipanda mbio kupeleka alichokipata. Jioni aliona uchovu usio wa kawaida. Usiku miguu ikafa ganzi, na mkojo ukamzuia. Jamaa walisema amepigwa na jini wa bahari. Siku tatu zilipita katika kupungwa kabla ya kufikishwa hospitali. Leo anatembea kwa magongo. Kisomo na dua hatuvikatazi, la hasha. Lakini dua na dawa huenda pamoja, na maradhi haya hayangoji siku tatu.

Kwa hivyo mwenye mwana, mume au ndugu anayezamia ashike haya. Dalili ni maumivu ya mabega, viwiko au magoti, kuwashwa au madoa ya ngozi, uchovu mkubwa, kizunguzungu, ganzi, udhaifu wa miguu, na kuzuilika mkojo. Nyingi huanza ndani ya saa chache, na nyingine hadi siku nzima baadaye. Zikitokea kwa mtu aliyezama, zihesabuni kuwa ni za mgandamizo mpaka daktari aseme sivyo.

Mlazeni, apumue oksijeni safi ikipatikana, na akiwa na fahamu zake apewe maji ya kunywa. Asirudishwe majini ati apate nafuu. Asipandishwe mlimani, wala asitiwe ndegeni bila ya amri ya daktari. Mwambieni daktari wazi kwamba mtu huyu alizama, saa ngapi, mita ngapi na mara ngapi. Msifiche kwa kuogopa lawama. Tiba yake ni chumba maalumu cha mgandamizo, ambamo mgonjwa hurudishiwa uzito wa hewa kisha akapunguziwa polepole huku akivuta oksijeni. Huko Matemwe, Unguja, kimewekwa chumba cha namna hiyo. Kila anayezamia aulize kabla ya kuingia majini kama chumba kinafanya kazi na nani wa kupigiwa simu. Baada ya ajali si wakati wa kuuliza.

RADHI

Twamtaka radhi kijana wetu kwa maneno ya usiku ule, na twamshukuru baba yake kwa kumtuma. Amekubali, katika mkutano wetu ujao wa wanachama, kuja kuwafundisha vijana wote wanaozama, wawe ni watoto wa wanachama au la, bila ya malipo. Atakuja na jedwali lake. Soda mbili zitanunuliwa na Katibu.

Wenu katika kazi,
KATIBU